UFUNGUO UMO MIKONONI MWA NANI?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaikumbuka methali hii kwa kuwa siku hizi wafanyakazi wengi, na vijana hasa, wameingiwa na shauku ya kuweka akiba zao katika sarafu za kidijitali, na vikundi vya akiba navyo vinalijadili jambo hilo. Hatuandiki leo ili kuwasifu wala kuwalaani. Twawauliza maswali mawili tu: ufunguo wa fedha hizo umo mikononi mwa nani, na ada ya kuzipeleka hupangwa na nani?

Tuanze na ufunguo. Neno "akaunti" limewapoteza watu wengi, maana katika biashara hii lina maana mbili zisizofanana. Akaunti ya kwanza ni ile ya kampuni ya kubadilisha sarafu. Humo mteja ana jina na neno la siri, lakini sarafu zenyewe zashikwa na kampuni, naye hana ila ahadi iliyoandikwa katika daftari la watu wengine. Mnamo Februari 2014 kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo ilifilisika, ikatangaza kwamba bitcoin zipatazo 850,000 zimepotea, nyingi zikiwa mali ya wateja. Baadaye zilionekana kama 200,000, lakini wenye mali walingoja hadi Julai 2024 ndipo walipoanza kurudishiwa sarafu zao. Miaka kumi si muda mdogo kwa mtu aliyekuwa akidunduliza ada ya shule ya mwanawe.

Akaunti ya pili ni pochi ambayo mtu huitunza mwenyewe katika simu au kompyuta yake. Programu nyingi za aina hii humpa maneno 12 au 24 ya kuyaandika na kuyaficha. Maneno hayo ndiyo ufunguo. Ayapatae amezipata fedha, na ayapotezae hana ofisi ya kwenda kulalamika. Uhuru huo ni wa kweli, lakini kama uhuru wote, wataka nidhamu.

Sasa tuje kwenye ada. Tumezoea kwamba katika fedha za simu ada hupanda kadiri kiasi kinavyopanda. Katika Bitcoin sivyo. Ada hutozwa kwa uzito wa maandishi ya muamala, wala haitazami kama unatuma dola 20 au dola 20,000. Kila baada ya dakika 10 hivi hufungwa ukurasa mmoja wa daftari la wote, na nafasi yake ni kidogo. Wanaoufunga, waitwao wachimbaji, huchagua kwanza wanaolipa zaidi. Basi ni mnada. Zaidi ya hayo, mtu aliyepokea malipo madogo madogo arobaini, akataka kuyatuma pamoja, muamala wake huwa mzito kuliko wa tajiri aliyepokea mara moja, kwa sababu kila pato lazima liandikwe na kutiwa sahihi peke yake. Siku za utulivu ada huwa ndogo, lakini Desemba 2017 wastani wake ulipita dola 50 kwa muamala mmoja. Hapo mwenye akiba ya dola 40 alikuwa na mali asiyoweza kuisogeza.

Wala kosa la ada si la maskini peke yake. Mnamo Septemba 2023 kampuni ya Paxos ya Marekani, kwa hitilafu ya programu yake, ililipa ada ya karibu dola 500,000 ili kutuma sarafu zenye thamani ya dola 2,000 hivi. Mchimbaji alikubali kuirudisha kwa hisani yake, kwani hakuna kanuni ya mtandao iliyomlazimisha. Je, mfanyakazi wa bandarini akikosea vivyo hivyo, nani atamhurumia?

Kwa hiyo twashauri hivi. Kwanza, tusisahau kwamba Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kwamba sarafu hizi hazikubaliki kisheria nchini. Anayetaka kuingia aulize kwanza sheria yasemaje leo. Pili, kikundi kisimwachie mtu mmoja ufunguo wa akiba ya wote. Ziko pochi zenye funguo tatu, ambazo fedha hazitoki mpaka mbili zikubaliane, kama sanduku la ushirika lenye kufuli za mweka hazina na wenzake. Tatu, mtu asibonyeze kutuma kabla ya kuisoma ada na kuigeuza kuwa shilingi. Asiye na haraka achague ada ndogo angoje. Na programu nyingi humruhusu kuiongeza baadaye muamala ukikwama. Nne, kila ada iandikwe daftarini, isomwe mbele ya wanachama.

Mfanyakazi asiyeweza kusema ufunguo anao nani, wala ada kaipanga nani, hajaweka akiba bado, ameweka matumaini. Na matumaini, ndugu zetu, hayalipi kodi ya nyumba.