Sitara ya Mwali Kumbini



Likizo ya Juni imekaribia, na kwetu sisi wa Masasi na Newala likizo hiyo ni msimu wa kumbi. Mavuno yameingia, ndugu wa mbali wanarejea, ngoma zinawambwa, na kila nyumba yenye mtoto wa rika hilo imeshaanza kuhesabu matumizi. Katika hali hiyo mama mmoja ametufikishia swali. Binti yake anatakiwa kuchezwa unyago, naye amearifiwa kwamba ndani ya nyumba ya mafunzo wali huvuliwa nguo zote mbele ya kina mama wazima. Anauliza mambo mawili: je, uchi huo una ruhusa katika sheria kwa kuwa wote waliomo ni wanawake? Na akikataa, ilhali mwenye kauli ni mama mkwe wake, atakuwa amekata udugu?

Tulipolifikisha swali hili mbele ya kamati, baadhi ya wazee walipendelea lisijibiwe hadharani, kwa hoja kwamba ya kumbini hayasemwi nje. Amana hiyo tunaiheshimu, na humu hatutaeleza yanayofundishwa. Lakini hukumu ya sitara si siri ya kumbi.

Ni haki kuieleza maana ya jambo kabla ya kulihukumu. Wazee wetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, hawakumvua mwali kwa upuuzi. Anayeingia kumbini huhesabiwa kuwa ameuacha utoto kama maiti aiachavyo dunia. Nguo zake za zamani hubaki nyuma, na siku ya kutolewa huvikwa mpya, pengine akapewa na jina jipya. Uchi, katika lugha hiyo, ni uchi wa aliyezaliwa leo. Kwa wavulana ipo pia sababu nyepesi zaidi, kwamba nguo hugusa kidonda.

Wala si watu wa Kusini peke yao waliouingiza uchi katika ibada. Kule Bara Hindi watawa wa kiume wa Kijaini wa madhehebu ya Digambara hawavai kitu, na jina lao lenyewe lina maana ya waliovaa anga. Uingereza nako, baada ya sheria ya zamani dhidi ya uchawi kufutwa mwaka 1951, mstaafu mmoja wa idara ya forodha, Gerald Gardner, alichapisha kitabu mwaka 1954 akitangaza dini ya kipagani ambayo wafuasi wake hufanya ibada wakiwa uchi, kwa madai kwamba nguo huzuia nguvu itokayo mwilini. Kwa hiyo anayedhani kwamba elimu ya Ulaya ndiyo dawa ya mambo haya atafute dawa nyingine.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Makka. Zama za ujahiliya, Makureshi walijipa daraja la pekee na kujiita Hums. Mgeni aliyekuja kuhiji hakuruhusiwa kutufu kwa nguo zake, ati kwa sababu amefanyia dhambi akiwa ndani yake. Ama aazime au anunue vazi kwao, ama atufu uchi. Na akithubutu kutufu kwa nguo zake mwenyewe, basi azitupe, wala hazivai tena. Wanawake wengine walitufu hivyo usiku. Tazameni jinsi hoja ilivyofanana na ya kumbini: nguo ya zamani ina uchafu wa maisha ya zamani, basi ivuliwe. Na walipoulizwa, jibu lao limetajwa katika Suratul-A'raf, aya ya 28, kwamba ndivyo walivyowakuta baba zao. Aya ya 31 ya sura hiyo hiyo ikaja kuamrisha vazi katika kila mahali pa ibada. Mwaka wa 9 Hijria, Abubakar (RA) akiwa amiri wa Hija, Ali (RA) alitumwa kutangaza kwamba baada ya mwaka ule hakuna atakayetufu uchi. Mwaka uliofuata ndipo Mtume (SAW) mwenyewe akahiji.

Zingatieni kwamba Hija haikufutwa, wala tawafu. Kilichoondolewa ni uchi, na mahali pake pakawekwa shuka mbili za ihramu, ambazo nazo husema kwamba mtu ameiacha hali yake ya kwanza. Maana ilibaki, na mwili ukasitiriwa.

Alipofariki Mtume (SAW), Masahaba walitofautiana kama wamvue ndivyo wafanyavyo kwa maiti wao. Wakaishia kumuosha akiwa ndani ya kanzu yake, maji yakimiminwa juu ya nguo. Na hata sisi wengine, tupu ya maiti hufunikwa anapooshwa. Ikiwa anayekufa kweli anasitiriwa, yule anayekufa kwa mfano tu ana udhuru gani wa kuachwa wazi?

Kwa swali la kwanza, basi, jibu ni hapana. Mtume (SAW) amekataza mwanamume kutazama utupu wa mwanamume mwenziwe, na mwanamke utupu wa mwanamke mwenziwe. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, kilicho baina ya kitovu na magoti hubaki sitara hata jinsia ikiwa moja. Haja ya tiba hutolewa katika hukumu hiyo, na kutahiri kumo. Lakini haja hupimwa kwa kadiri yake, na mwenye kutahiri anapomaliza kazi, ruhusa nayo imekwisha. Hoja ya kidonda haina uzito mkubwa: shuka ikifungwa shingoni na kuning'inia mbele haigusi chochote, na wazee wa kumbi wanalijua hilo kuliko sisi.

Wapo watakaosema kwamba kurekebisha kumbi ni kuiua. Historia ya hapa inawakatalia. Waislamu wa Kiyao walilipa jando sura ya Kiislamu, mwalimu akiliombea dua. Wamisionari wa Kianglikana nao, chini ya Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, waliunda jando la Kikristo, wakabakisha waliyoona yanafaa na kuondoa wasiyoyaridhia. Jando halikufa. Ikiwa Kanisa lilipata ujasiri wa kupunguza na kuongeza, msikiti unaogopa nini?

Tena limezuka jambo ambalo wazee hawakulijua. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na hata ya picha zinazotembea. Akashuhudia unyago, na habari zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1908. Wakati ule aliyebeba kamera alikuwa mgeni, na kila mtu alimwona. Leo ni shangazi, ni dada wa mwali, simu ikiwa ndani ya kanga. Nyakanga anaweza kuchunga mlango asiingie mwanamume, na picha ya mtoto wa watu ikatoka kwa njia ya kiganja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka adhabu kwa picha za utupu za watoto, lakini hukumu ya mahakama hairudishi picha iliyokwisha kusambaa.

Ama udugu, mama huyu asihofu. Suratu Luqman, aya ya 15, imekataza utii katika kumshirikisha Mwenyezi Mungu, kisha papo hapo ikaamrisha kukaa na wazazi kwa wema. Asimwambie mama mkwe wake kwamba unyago ni ushenzi; neno hilo si la kweli, na halisameheki upesi. Aende kwake mapema, kabla siku haijapangwa, akiwa na kitambaa mkononi, amwombe mwali afundwe akiwa amejifunga. Bibi wengi watakubali, kwani wanachokililia ni mafunzo na heshima ya ukoo. Akikataa kabisa, baba wa mtoto ndiye mwenye kwenda kuzungumza na mama yake. Si haki kumwachia mke mzigo huo, kisha yeye akae barazani akinywa kahawa.

Kamati kwa upande wake imekwisha kuzungumza na manyakanga na mangariba wanaosali nasi. Wamekubali kila mwali aingie na kaniki mbili, moja ikivaliwa nyingine ikifuliwa, na simu zote ziachwe kwa mtu mmoja nje ya uzio. Wazazi wasio na uwezo wa kununua kaniki wafike ofisi ya msikiti baada ya sala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Majina yao hayatasomwa.

Wallahu a'alam.