Maoni Yetu: Vikombe viwili na maharage

Mwanafunzi wa Goma aliyechagua bayolojia na kemia anaweza kumaliza sekondari akiwa amechora seli mara ishirini bila kuiona hata moja. Huinakili kutoka ubaoni: utando, kiini, mishale, majina. Mwishoni anangojwa na Exetat, mtihani wa taifa wa kuchagua jibu, na huenda akafaulu vizuri kabisa. Miaka inapita, anaoa, daktari anamwambia mtoto wake ni SS, yaani ana selimundu, naye anarudi nyumbani akiuliza ni nani aliyemroga.

Kwetu, somo la jenetiki lingeanzia hapo. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ndizo nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani. Kuieleza hakuhitaji maabara. Kunahitaji vikombe viwili na maharage ya rangi mbili, na maharage Goma hayatafutwi. Yanashuka kutoka Masisi na Rutshuru kwa magunia.

Haragwe jekundu liwe jeni ya kawaida, A. Jeupe liwe S. Kikombe kimoja ni baba, kingine ni mama, na kila kimoja kina jekundu moja na jeupe moja: wazazi wote wawili ni AS, wazima, hawana habari. Mwanafunzi anafumba macho, anatoa moja huku na moja kule. Huyo ni mtoto wa kwanza. Anaandikwa ubaoni, maharage yanarudishwa vikombeni, anatolewa wa pili. (Vitabu vya kigeni hushauri kurusha sarafu. Faranga yetu ni ya karatasi, na sarafu haipikwi jioni.)

Wakitoa watoto mia, robo hivi watakuwa SS. Lakini kinachofundisha zaidi ni ile familia moja ubaoni iliyopata SS wawili mfululizo. Wengi wakisikia "mmoja kati ya wanne" huelewa kwamba wa kwanza akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Kule kurudisha haragwe kikombeni kunajibu: kila mimba inaanza upya. Kisha mwalimu awaambie wapate SS kwa kikombe cha mama peke yake. Hawataweza. Wako wanawake waliorudishwa kwao kwa tuhuma kwamba ndio walioleta ugonjwa, na mashemeji waliowarudisha hawakuwahi kuambiwa kuhusu kikombe cha pili. Ila mwalimu asiulize nani darasani ana SS. Kupima ni kazi ya hospitali.

Mengine ni mepesi zaidi. Kata kiazi kibichi, chimba kishimo katikati, tia chumvi kavu, ngoja nusu saa: kuna maji ambayo hakuna aliyeyamwaga. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye seli. Katika mji ambao Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi, jaribio hilo si mchezo. Sumu ya kipindupindu hufanya seli za utumbo zimwage chumvi, na maji huifuata. Dawa ya chumvi na sukari tunayowanywesha wagonjwa huirudisha chumvi ndani, na maji huifuata tena.

Ndizi mbivu iliyopondwa, chumvi, sabuni ya vyombo na alkoli baridi ya famasi zitatoa nyuzi nyeupe za DNA zinazoonekana kwa macho. Na mwanafunzi aambiwe kwamba mjini kwake, tangu 2021, kuna maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kibayolojia, iliyojengwa kwa ajili ya kusaka virusi. Mwaka huohuo Ebola ilipoibuka tena Kivu Kaskazini, kusoma jeni za kirusi ndiko kulikoonyesha kwamba hakikutoka upya msituni, bali kilitokana na mlipuko wa 2018 hadi 2020. Uvumi ulikuwa mwingi wakati ule. Kijana aliyewahi kushika DNA ya ndizi kwa kijiti angekuwa na la kujibu.

Tunajua watakavyosema: darasa limejaa, programu ni ndefu, mwalimu hajalipwa. Hilo la mwisho tunalikubali lote. Mwalimu anayesubiri mshahara asinunue ndizi kwa mfuko wake. Prefe, mkuu wa shule, atenge kidogo katika ada ambazo wazazi wanalipa. Kuhusu vita, ni kweli tangu Januari 2025 mji huu umepitia mengi, umeme ulikatika na benki zikafungwa. Maharage yalibaki sokoni.

Inspekta akiingia darasani huomba jarida la darasa na fishi ya maandalizi, anasaini, anaondoka. Muhula huu aombe pia vikombe viwili, na amwite mwanafunzi wa dawati la nyuma aje kutoa mtoto.