Amana Iliyomo Katika Kompyuta ya Shangazi

Juma hili tunawapeleka bara, hadi Majengo ya Nyeri, alikoolewa shangazi yetu miaka mingi iliyopita. Huko yeye ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama, na hesabu zote aliziandika katika kompyuta kuukuu yenye Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001. Kila tulipomsihi aiache, jibu lilikuwa moja: "Wanangu, hii tumezoeana." Aliipenda hata picha iliyotokea kwenye kioo alipoiwasha, kilima cha kijani chini ya mbingu ya samawati. Picha ile ilipigwa California mwaka 1996. Yeye husema ni mashamba ya chai ya Othaya, nasi hatukuona haja ya kubishana naye.

Mwezi wa Julai, Nyeri ikiwa imefunikwa na ukungu na baridi, mwanachama mmoja alifariki. Wanawe wakaja na swali: mama yetu anadaiwa, au anadai? Shangazi akabonyeza kitufe. Kompyuta haikuwaka.

Swali lile si dogo kwetu. Deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kugawana, na aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuyaandika madeni. Shangazi alikuwa ameandika, tena kwa uaminifu. Lakini maandishi yote yalikuwa ndani ya chombo kimoja, pasi na nakala. Usiku ule hakulala.

Asubuhi, kijana fundi wa mtaani aliichomoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta nyingine. Alhamdulillah, faili zilisomeka. Marehemu hakuwa na deni hata shilingi. Bali chama ndicho kilichokuwa na akiba yake, haki ya warithi wake.

Hapo shangazi mwenyewe akakubali kuhama. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo ule tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta ya namna hiyo ikiunganishwa na intaneti ni kama nyumba isiyo na komeo. Tukamnunulia kompyuta ya mitumba, tukaiwekea Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Ufini, na ambao hupatikana bila malipo. Programu ya LibreOffice ilizifungua hesabu zake za zamani. Wala programu huria si ngeni katika lugha yetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Hata hivyo, tunakiri kosa letu. Siku ya kwanza tulimwelekeza kwa haraka, kama kwamba ugeni wake ni uzembe. Alinyamaza, akachukua kalamu na daftari. Tukaona haya. Kwa jioni tatu baada ya Maghrib tuliketi ubavuni pake. Tukaliweka faili la chama pale pale alipozoea kuliona, na kilima chake tukamrudishia. Kisha akina mama wawili wa chama wakalinganisha hesabu mstari kwa mstari, wawe mashahidi kwamba hakikupotea kitu.

Dada zetu, wengi wenu mmeshika amana kama hii: michango ya madrasa, akiba za chama, wosia wa wazee. Toeni nakala leo, kompyuta ingali nzima, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Hakikisheni zinasomeka kabla ya kubadilisha chochote. Na mkiwahamisha wazee wenu, wahamisheni kwa upole.

Kompyuta kuukuu ingali sebuleni kwa shangazi, imefunikwa leso. Hatukumwomba aitupe.

Wabillahi tawfiq.