Gari lililoachwa Mokowe na siri ya anayelifuata

MWENYE gari anayekwenda mji wa kale wa Lamu hana budi kuliacha bara. Vichochoro vya mji huo, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2001, ni vya miguu na punda. Gari hubaki Mokowe, mwenyewe akavuka kwa boti, na huenda asilione kwa siku kadhaa. Muda huo unatosha mtu kubandika chini yake kidude chenye sumaku kinachoweza kulingana na kisanduku cha kiberiti.

Kidude hicho hujua mahali kilipo kwa ishara za setilaiti, kisha hutuma habari kwa kadi ya simu iliyomo ndani. Si haramu kwa asili yake. Wenye malori hukitumia, na wakopeshaji wanaochukua gari kuwa dhamana hukitia kwa idhini ya mkopaji. Tatizo ni pale mwenye gari asipojua. Hata anayenunua gari kuukuu huenda akarithi kifaa cha mkopeshaji wa mtu mwingine.

Kwa Lamu, jambo hili si la wivu wa mume na mke pekee. Barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu imeshuhudia mashambulizi ya kuvizia, likiwemo la basi huko Nyongoro mnamo Januari 2020. Kwa msafiri wa njia hiyo, saa na mahali gari lilipo ni siri ya uhai.

Kukitafuta hakuhitaji fundi bingwa. Hukaguliwa nyuma ya bampa, ndani ya madigadi, juu ya chesisi na chini ya viti. Lipo pia tundu la kupimia hitilafu, chini ya usukani, ambalo wengi hulisahau ilhali kifaa huchomekwa humo kwa sekunde chache. Waya mgeni uliounganishwa na betri utiliwe shaka. Vigunduzi vya mawimbi visiaminiwe kupita kiasi: vifaa vingi hulala gari likisimama, na penye mtandao hafifu huweka kumbukumbu za safari hadi mtandao urudi. Vile vya aina ya AirTag hutegemea simu za wapita njia, na simu nyingi za kisasa humwonya anayeandamwa navyo.

Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzuia kukusanya habari za mtu pasipo msingi wa kisheria. Dola nayo haiko juu ya hayo: Sheria ya Idara ya Ujasusi ya 2012 huitaka idara hiyo ipate kibali cha Mahakama Kuu. Marekani, mwaka huohuo, Mahakama ya Juu iliamua kwamba polisi kubandika kifaa hicho garini ili kumfuatilia mtu ni upekuzi, baada ya mshukiwa kufuatwa kwa siku 28.

Anayekipata asiking'oe kwa hasira. Akipige picha kilipo, aendeshe moja kwa moja hadi kituo cha polisi badala ya nyumbani, na adai nambari ya kitabu cha matukio. Kadi ya simu iliyomo, ikiwa ni ya Kenya, yapaswa kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu, na polisi wakiwa na amri ya mahakama waweza kuitaka kampuni ya simu ilitaje.