Mzigo wa Moshi Upimwe Kwanza

Jumuiya yetu imepanuka. Mkataba wa mwaka 1999 ulitiwa saini na nchi tatu. Leo, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, zimekuwa nane. Kila moja imekwisha kuahidi peke yake, chini ya Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, kupunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Haitakuwa ajabu siku moja mtu akisimama Arusha na kudai Jumuiya iwe na lengo moja, na kila mwanachama apunguze asilimia ileile. Dai hilo lina sura ya udugu, lakini ndani yake mna dhuluma. Watumishi wa umma watakaokuwa mezani siku hiyo hawana budi kulikataa.

Tuzitazame ahadi zenyewe. Kenya mwaka 2020 ilitaja asilimia 32 ifikapo mwaka 2030. Tanzania mwaka 2021 ikataja 30 hadi 35. Kongo ikataja 21. Msomaji mwepesi atasema Kongo inakwepa. Lakini ni asilimia ya nini? Si ya moshi wa leo, bali ya moshi unaokadiriwa kwamba ungetoka mwaka 2030 kama lisingefanyika lolote, na kila nchi imejikadiria yenyewe. Aliyekadiria mlima anaweza kukata theluthi yake na bado akafuka kuliko leo. Kulinganisha tarakimu hizo ni kulinganisha debe na kibaba.

Wakubwa wa Ulaya, ambao hawachoki kutuhubiria, hawakufanya ujinga huo. Huko Kyoto mwaka 1997 nchi 15 za Umoja wao ziliahidi kwa pamoja kupunguza asilimia 8. Mwaka uliofuata waligawana: Ujerumani ikabeba 21, Luxembourg 28, na Ureno, iliyokuwa nyuma kiuchumi, ikaruhusiwa kuongeza 27. Umoja ulipopanuka mwaka 2004, wageni hawakutiwa katika mgawanyo ule. Poland ilibaki na ahadi yake, iliyohesabiwa kuanzia mwaka 1988, wakati viwanda vyake vya zamani vingali vikifuka. Mabepari wale walipima uwezo wa kila mmoja bila kuona haya. Sisi tunaona haya ya nini?

Somalia, iliyokosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, itapunguza moshi gani? Kongo nayo imetuletea sehemu kubwa kuliko zote ya msitu wa bonde la mto wake. Mwanakijiji wa huko akizuiwa kukata mti, anatubebea sote, basi Nairobi na Dar es Salaam zichangie. Lipo pia bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443. Mafuta ni ya Uganda, sehemu kubwa ya njia ni yetu, na kwa kuwa mafuta hayo huganda ni lazima yapashwe moto njiani. Moshi wa kuyapasha utaandikwa katika daftari la nani? Tusisahau kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na manung'uniko juu ya mgawanyo yalikuwa miongoni mwa sababu.

Ndugu walimu, mizani hiyohiyo yapasa itumike ndani ya nchi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Agizo ni jema: linaokoa mapafu ya wapishi na miombo ya Ruvuma. Lakini mwaka 2022, Ulaya ilipopungukiwa gesi ya Urusi, makaa ya mawe ya mkoa huuhuu yalisafirishwa kupitia bandari ya Mtwara hadi kwa wahubiri wetu. Wao, wenye fedha, walipewa nafasi ya kurudia makaa kwa sababu ya baridi. Shule ya bweni katika kijiji kama Hanga, ambako kuni ziko hatua chache nyuma ya jiko na mtungi wa gesi husafirishwa kutoka mbali, inapewa tarehe. Gharama ya majiko hayo mapya ni sehemu ya mzigo wa taifa. Iandikwe katika hesabu tutakayoipeleka Arusha, wala isiachiwe kamati ya shule na michango ya wazazi.