Waya wa Ardhi Usikatwe: Umeme wa Nchi Kavu Katika Vyombo vya Majini

Chombo kikiwa safarini huishi kwa betri zake na jenereta yake. Kifungwapo gatini, mambo hubadilika. Waya huvutwa kutoka katika sanduku la umeme lililo nchi kavu, betri zikachajiwa, jokofu la samaki likaendeshwa, taa zikawashwa, na jenereta ikapumzishwa. Mpango huu una manufaa makubwa, kwani huokoa mafuta na kuiondolea bandari moshi na kelele. Hata hivyo, huingiza chomboni umeme wa volti 230, nguvu ile ile itumikayo majumbani, na kuuweka karibu na chumvi, unyevu, chuma, na watu ambao aghalabu hawavai viatu. Nyaya zinazoingia chomboni ni tatu: waya hai uletao umeme, nyutro iurudishayo, na waya wa ardhi. Huu wa tatu hauonekani kufanya kazi yoyote siku zote za usalama. Makala haya yanashikilia kwamba huo ndio usiopaswa kukatwa kwa sababu yoyote ile.

Onyo hili si la bure. Katika nchi nyingi zenye mashua za injini na boti za starehe, mafundi wamekuta vyombo ambavyo waya wa ardhi umekatwa kwa makusudi. Waliofanya hivyo hawakukosa elimu kabisa. Walikuwa na nusu ya elimu, nayo nusu hiyo ni ya kweli.

Mwaka 1800 Alessandro Volta alionyesha kwamba metali mbili za aina mbalimbali, zikitenganishwa na maji ya chumvi na kuunganishwa kwa waya, huwa betri. Katika betri ya namna hiyo, metali iliyo nyepesi kutoa elektroni ndiyo inayolika. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy aliitumia elimu hiyo kulishauri Jeshi la Majini la Uingereza lipachike vipande vya zinki au chuma juu ya mabati ya shaba yaliyofunika meli zake, ili vipande hivyo vilike na shaba isalimike. Hadi leo kipande cha zinki hufungwa karibu na rafadha au usukani wa vyombo vingi vya baharini, nacho hubadilishwa kila kinapokwisha.

Sasa msomaji na avitazame vyombo viwili vilivyofungwa gati moja. Kimoja kina zinki mpya. Cha pili ni cha chuma, na zinki yake imekwisha. Vyote viwili vimeunganishwa na umeme wa nchi kavu, hivyo waya wa ardhi umeunganisha metali zao, na maji ya bahari yamekamilisha mzunguko. Vyombo hivyo vimekuwa betri moja kubwa. Zinki ya chombo cha kwanza hulika ili kulinda chuma cha jirani, nayo ikiisha, sehemu za aluminiamu au mhimili wa rafadha hufuata. Mwenye chombo huiona hasara na kumwita fundi. Fundi huukata waya wa ardhi, na ulikaji ule hukoma. Mteja hufurahi, na fundi huonekana bingwa. Kwa upande wa kemia, kweli hakukosea.

Kosa limo upande wa fizikia. Waya wa ardhi umewekwa kwa ajili ya siku moja: siku ambayo mpira wa kuhami utachubuka, au chaja ya betri itaingia maji, na waya hai kugusa chuma cha chombo. Ikiwa waya wa ardhi ni mzima, umeme mwingi mno hupita humo kurudi kwenye chanzo chake, na sakiti breka hukata mara moja. Ikiwa umekatwa, umeme hauna njia nyingine ila kupitia majini, au kupitia kwa mtu atakayekuwa amegusa chuma na gati kwa pamoja.

Wako wanaojibu kwamba chombo kimekaa majini, na maji yenyewe yameshika ardhi, basi waya wa nini? Hoja hii yaweza kupimwa na mwanafunzi yeyote aijuaye kanuni ya Ohm. Tuseme chombo kimo katika ziwa, na ukinzani kati ya chuma chake na ardhi kupitia majini ni omu 50. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 50, jibu ni ampea 4.6. Sakiti breka ya gati ni ya ampea 16, haitakata kitu. Umeme utaendelea kuvuja usiku na mchana, taa zikiwaka vizuri na jokofu likigandisha, bila mtu kushuku lolote. Wakati huo huo, miliampea 10 hadi 20 tu zikipita mwilini zaweza kukaza misuli hata mtu ashindwe kuachia alichokishika, na miliampea 100 zaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ampea 4.6 ni miliampea 4,600. Sakiti breka huulinda waya usiungue. Haikuundwa kumlinda mwanadamu.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika maji yasiyo na chumvi, jambo ambalo wengi hulidhania kinyume chake. Maji ya bahari hupitisha umeme mamia ya mara kuliko maji ya ziwa kama Viktoria. Kwa hiyo baharini umeme unaovuja hutawanyika majini na sehemu kubwa humpita kando muogeleaji. Ziwani, mwili wa mtu, wenye damu na chumvi zake, hupitisha umeme kuliko maji yanayouzunguka, na umeme huufanya mwili kuwa njia. Misuli hukaza, mtu hushindwa kuogelea, naye huzama kimya kimya, hata kama anajua kuogelea na hakugusa waya wowote. Anayejitosa kumwokoa huweza kupatwa na yayo hayo. Kanuni ya uokoaji, basi, ni kuzima umeme wa gati kwanza, kisha kumtupia kamba au boya, wala si kuruka majini.

Wako pia wasemao kwamba siku hizi kuna swichi ya mvujo, ile inayolinganisha umeme uendao na urudio na kukata pindi tofauti ifikapo miliampea 30, na kwamba palipo na swichi hiyo waya wa ardhi hauhitajiki. Swichi hiyo ni ya lazima kweli. Kanuni za kimataifa huitaka katika kila soketi ya gati la vyombo vidogo, na toleo la mwaka 2017 la kanuni za umeme za Marekani liliteremsha kiwango cha mvujo magatini kutoka miliampea 100 hadi 30, kiwango ambacho kimebaki kwa soketi za vyombo. Lakini swichi ni mtambo, na mtambo huharibika, hasa katika hewa ya chumvi. Ndiyo maana ina kitufe cha kuijaribia, nacho hupasa kubonyezwa mara kwa mara. Tena, pasipo waya wa ardhi, swichi yaweza kusubiri mpaka mtu aguse chuma ndipo igundue hitilafu. Si haki kumfanya baharia awe kipimo.

Dawa ya kulika kwa metali ipo, nayo haidai maisha ya mtu. Tofauti ya nguvu kati ya zinki na chuma au shaba katika maji ya bahari haifiki volti 1. Diodi ya silikoni huhitaji takriban volti 0.6 kabla ya kufungua njia. Mbili zikifuatana huhitaji volti 1.2. Basi, diodi mbili mbili zenye kuelekeana pande zote mbili, zikipachikwa katika waya wa ardhi, huuzuia mkondo mdogo unaoila zinki, lakini hitilafu ya volti 230 ikitokea huifungulia njia bila kusita. Sharti diodi hizo ziwe nene za kuhimili mkondo wa hitilafu. Njia bora zaidi, ingawa ni ghali na nzito, ni transfoma ya kutenganisha, ambamo umeme huingia chomboni kwa nguvu ya sumaku tu, bila metali ya gati kuunganika na metali ya chombo.

Mengine ni nidhamu ya kazi. Ncha ya waya yenye umeme daima iwe ya matundu, kamwe isiwe ya pini zilizo wazi. Plagi iwe ya mviringo yenye kifuniko cha kuzuia maji, wala si ile ya pini bapa ya nyumbani. Swichi zizimwe kwanza, waya uchomekwe upande wa chombo, kisha upande wa gati; wakati wa kuondoka, gati hutangulia. Waya usiachwe umeviringwa wakati wa kutumika, maana hupata joto, na uachiwe urefu wa kutosha, kwa kuwa katika pwani ya Afrika Mashariki maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Nyutro na waya wa ardhi wa gati visiunganishwe ndani ya chombo, na jenereta isiweze kuwashwa pamoja na umeme wa gati katika nyaya zile zile.

Walimu wana sehemu yao. Shuleni ulikaji wa metali hufundishwa na mwalimu wa kemia, na waya wa ardhi na mwalimu wa fizikia, kila mmoja katika kipindi chake. Fundi aliyeukata waya alilikumbuka somo la kwanza na kulisahau la pili. Yafaa walimu hao wawili wakae meza moja siku moja, na glasi ya maji ya chumvi, kipande cha zinki, kipande cha shaba, diodi mbili na kipima umeme, pasipo kuugusa kabisa umeme wa ukutani. Wanafunzi watauona mkondo ukipita, kisha diodi zikiuzuia karibu wote. Hapo waulizwe swali moja: kama zinki yaweza kuokolewa hivi, kuna udhuru gani wa kuukata waya unaomlinda mtu? Zinki ikiisha hununuliwa nyingine dukani.