Kufuta Obamacare hakutashusha bei ya bima

Tangu Barack Obama atie sahihi sheria ya bima ya afya tarehe 23 Machi 2010, wanasiasa wa chama cha Republican nchini Marekani wamejaribu mara nyingi kuifuta. Mwaka 2017 walikaribia: tarehe 28 Julai, muswada wao ulianguka katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, baada ya John McCain, wa chama hicho hicho, kuukataa. Lakini wazo lenyewe halijafa.

Kabla ya sheria hiyo, kampuni ya bima iliweza kumkataa mwenye ugonjwa wa sukari au kansa, ama kumtoza zaidi. Leo ni marufuku. Kijana anabaki katika bima ya wazazi hadi atimize miaka 26. Wasio na bima walikuwa zaidi ya milioni 40 mwaka 2010. Kufikia 2016 walikuwa wamepungua chini ya milioni 30.

Wapinzani wanasema bima imekuwa ghali kwa wasiopata msaada wa serikali. Hilo ni kweli. Lakini ofisi ya bajeti ya Kongresi ilikadiria mwaka 2017 kwamba kuifuta bila mbadala kungewaacha watu wengine milioni 32 bila bima ndani ya miaka 10, na bei kwa wanaojinunulia ingepanda karibu mara mbili.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuchangia mituweli ya afya hapa Kivu. Wagonjwa peke yao wakibaki kuchanga, sanduku linakauka. Msaada wa serikali ndio unaowaingiza wazima pia. Ukiondolewa, wazima wanatoka kwanza, na mzigo unawaangukia wagonjwa.

Jambo hili linagusa hata huku. Familia nyingi za Kivu zina ndugu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, na wengi wao wanaanzia kazi za mshahara mdogo. Nao wanajua maana ya mgonjwa aliyepona kuzuiliwa hospitalini kwa sababu hajalipa.

Penye kasoro parekebishwe. Kongresi iongeze msaada kwa wanaolemewa na bei. Na majimbo kama Texas, yenye Wakongomani wengi, yaache kukataa kupanua Medicaid, bima ya watu wa kipato kidogo. Sheria hii inahitaji kukamilishwa, haihitaji kuzikwa.